Mafuta ya Pamba Kwenye Breki

Kiseke, Jumamosi alasiri

Vero mwanangu,

Barua hii nimeiweka juu ya siti ya pikipiki yako, nikaigandamiza kwa spana namba kumi ili upepo wa ziwani usiipeleke kwa jirani. Jirani yetu unamjua, angeisoma yote halafu aje kuniuliza maswali huku akijifanya amekuja kuomba chumvi. Nataka uisome wewe kwanza, na uisome kabla hujafunga mzigo. Sasa hivi uko Mirongo kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mpaka ule wali na sato na uombewe mara tatu, kwa hiyo nafasi ninayo.

Hali yangu unaijua, tumeamka wote nyumba moja. Na sikuandikii habari za kula kwa wakati, wala chandarua, wala kumheshimu mwenye nyumba. Hayo nimeyasema wiki nzima, mpaka jana ukaanza kunimalizia sentensi kabla sijafika katikati. Ninaloandika hapa ni jambo moja ambalo limenishinda kulisema kwa mdomo kwa miaka ishirini na mbili. Kesho unakwenda kuanza kazi Magu, mahali pale pale lilipotokea. Nisipolisema leo utamkosea mtu asiye na hatia, na utakuwa umemkosea kwa ajili yangu.

Ni habari ya vidole vyako viwili.

Unakumbuka siku barua ya kupangiwa kazi ilipofika? Ulizunguka nayo nyumba nzima, afisa mifugo wetu, daktari wa ng'ombe, ukamsomea hadi paka. Kisha ukasema, "Mama, nikifika tu Magu namtafuta yule fundi. Namwonyesha hivi vidole, namuuliza kama huwa analala usingizi." Ulikuwa unacheka. Mimi nikaingia jikoni kugeuza mboga ambayo haikuwa na haja ya kugeuzwa. Nikasimama pale na mwiko mkononi, nikasema moyoni, sasa yamenifika.

Wewe umekua ukijua hivi: ulipokuwa na miaka miwili, mama yako alikuwa bibi shamba huko Magu, fundi mmoja mzembe akaharibu breki za pikipiki yake, tukaanguka mteremkoni, na mkono wako wa kulia ukaumia hadi kidole cha mwisho na cha pili yake havikunjiki mpaka leo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisimulia baba yako, Mungu amrehemu, kila wageni walipouliza. Alisimulia vizuri, unamjua, na kila mwaka fundi alizidi kuwa mzembe. Mwishoni akawa mlevi pia. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, naongeza chai kwenye vikombe.

Fundi yule hakuwa mzembe, Vero. Hakuwa mlevi. Jina lake Masalu, na pombe hata kuonja alikuwa haonji. Breki zile niliziharibu mimi, kwa mikono yangu, kwa unyoya wa kuku na mafuta ya kula.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana nikiacha kidogo nitaishia hapa.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kuwafuata wakulima wa pamba. Unajua sheria yake: ukishavuna, unang'oa masalia yote na kuyachoma, la sivyo wadudu wanalala humo wakisubiri msimu ujao. Kila mkulima anaijua sheria hiyo na kila mkulima ana sababu ya kutoifuata. Mmoja mgongo unamuuma, mwingine ana msiba, mwingine ng'ombe wake bado wanakula majani yale. Nilikuwa na umri wako, na nilikuwa na kiburi ambacho wewe, nashukuru Mungu, hukukirithi chote. Nilitaka niwe bibi shamba anayeogopwa kuliko wote wilayani.

Pikipiki ya kazi ilikuwa na breki ya diski mbele, ya mafuta, kama hii yako. Pedi za kuibana diski hiyo ziliisha, nikampelekea Masalu. Alikuwa na kibanda chake cha mabati pembeni ya barabara, mtu mrefu, mtaratibu, anayefuta kila nati kwa kitambaa kabla ya kuirudisha. Akaniwekea pedi mpya. Nilipoondoka tu zikaanza kulia. Nikarudi pale pale, nimekasirika.

"Fundi, mbona inapiga kelele namna hii?"

"Pedi mpya hizo, Mama Vero. Zitalia siku chache, zikishazoeana na diski zitanyamaza zenyewe. Usiziguse."

"Siku chache ngapi?"

"Wewe endesha tu mama. Ila usiziguse."

Neno hilo alilisema mara mbili. Nimelihesabu mara nyingi tangu hapo.

Sasa kilio kile kilikuwa si cha kawaida. Nikifika njia panda ya kijiji na kuminya breki, mbuzi walikuwa wanakimbia. Watoto wakanipa jina, Mama Firimbi. Na wakulima wakaona faida. Wakisikia firimbi kule mbali, wanatupa vikombe vya chai, wanainuka, nafika nawakuta wameinama shambani wanang'oa masalia kama watu walioanza alfajiri. Nikigeuza mgongo wanarudi kivulini. Mzee mmoja, wale wazee wa Kisukuma wasiocheka wakati wanakutania, aliniambia mbele za watu, "Bibi shamba, asante kwa kutuarifu unapokuja. Wengine hawana adabu hiyo."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Leo hata mimi nacheka. Siku ile nilirudi nyumbani nikakosa hata hamu ya kula.

Nikawaza, bawaba ya mlango ikilia, unapaka mafuta. Cherehani ikilia, unapaka mafuta. Baiskeli ya baba yangu kule Majita, mnyororo ukilia, alikuwa akipaka mafuta ya samaki na ikanyamaza. Nani aliniambia breki ni kitu tofauti? Masalu aliniambia, lakini Masalu alikuwa fundi wa darasa la saba na mimi nilikuwa na cheti. Nakuandikia hivyo hivyo nilivyowaza, hata kama inanitia aibu.

Nyumbani tulikuwa na dumu la mafuta ya pamba, yale ya kukaangia. Asubuhi baba yako alipokwenda kazini, nikachukua unyoya wa kuku, nikachovya, nikapaka kwenye diski pande zote mbili, nikaupenyeza na kwenye pedi mpaka nikaridhika. Nikazungusha gurudumu, nikaminya. Kimya. Nikajipongeza peke yangu pale uani.

Siku hiyo msichana aliyekuwa anakulea alikuwa ameitwa kwao, mama yake anaumwa. Nikakufunga mgongoni kwa kitenge, kile cha bluu chenye picha za tausi, nikapanda. Usiniulize kwa nini. Wanawake wengi tulifanya hivyo na wengine bado wanafanya. Lakini sijifichi nyuma yao.

Shamba la kwanza nilimkuta yule mzee mwenyewe amekaa, miguu ameinyoosha, anakunywa uji. Hakunisikia kabisa. Alivyoruka! Uji ulimmwagikia gotini. Nilifurahi, Vero, sijui hata nisemeje nilichokiona machoni mwake. Furaha ile ilinipofusha, kwa sababu breki ilikuwa imeshika kwa uvivu sana pale, nilisimama mita kadhaa mbele ya nilipotaka, na badala ya kujiuliza nikasema ni pedi mpya hizo, hazijazoea.

Baada ya hapo kulikuwa na mteremko wa kushuka darajani. Chini, ng'ombe wakawa wanavuka, kundi zima. Nikaminya breki ya mbele. Mkono wa breki ulikuwa mgumu vizuri, kama siku zote, lakini pikipiki ilizidi kwenda. Nikakanyaga ya nyuma, ilikuwa imechoka siku nyingi. Nikaminya tena kwa vidole vyote vinne mpaka kiganja kikauma. Na hapo ndipo nikasikia harufu. Mafuta yalikuwa yameungua kwenye diski, yananukia kama maandazi. Nimekuja kusahau mengi ya siku ile lakini harufu hiyo sijaisahau, na ndiyo sababu hujawahi kula andazi nililokaanga mimi. Ulidhani mama hapendi maandazi.

Niliamua kuingia mtaroni badala ya kuwaingia ng'ombe. Tuliangukia upande wa kulia. Mkono wako mdogo ulikuwa umetoka nje ya kitenge, ukabanwa kati ya ubavu wangu na jiwe. Ulilia mara moja tu kisha ukanyamaza. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima kutafuta ukimya, nikaupata pale, na ningetoa chochote nilichonacho ili ulie tena. Ukalia. Namshukuru Mungu mpaka kesho.

Hapo ni kosa la kwanza, na ningeweza kuishi nalo. Ujinga si dhambi kubwa kiasi hicho. Kosa la pili ndilo lililonifanya nikae hapa na kalamu.

Jioni yake pikipiki ilikuwa imeletwa kwenye ofisi ya kata. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mkono umefungwa bandeji, wewe umelala kwenye paja langu, mkono wako umefungwa mkubwa kama kibuyu. Baba yako akafika anahema, amekuja kwa baiskeli. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Imekuwaje?"

Nikasema, "Breki hazikushika. Masalu alizitengeneza juzijuzi tu."

Angalia maneno yangu. Kila neno lilikuwa kweli. Sikusema "Masalu kaharibu." Niliwaachia watu wamalizie wenyewe, na walimalizia mara moja. Mtu akakimbia kumwita. Masalu akaja na boksi lake la vifaa, hajui kinachomsubiri, na baba yako, yule mpole unayemjua wewe, akamkunja shati.

Masalu hakubisha. Akasubiri aachiwe, akachuchumaa, akafungua pedi. Akapitisha kidole. Akanusa. Halafu akainua macho, akanitazama mimi, si baba yako.

"Mama Vero, ulizipaka kitu?"

Nafasi ilikuwa ile. Mtu aliniwekea nafasi ile mbele yangu kwa upole kabisa, kama anavyoweka nati kwenye kitambaa. Na mimi, mbele ya mume wangu, mbele ya mtendaji, mbele ya wakulima ambao jana walinicheka, nikamjibu, "Nizipake nini?"

Akakutazama wewe ulivyolala. Akasema, "Basi. Mtoto apone kwanza." Akazifunga pedi zile kwenye kitambaa chake, akazitia mfukoni, akaondoka. Alikuwa na ushahidi mkononi, Vero. Angewanusisha watu wote pale na kila mmoja angejua ni mafuta gani. Hakufanya hivyo. Kwa nini, sijui. Nimejiuliza miaka yote na sijapata jibu, na kumuuliza mwenyewe sikuthubutu.

Watu waliacha kumpelekea pikipiki. Haikuchukua hata msimu mmoja. Mji mdogo, habari ya mtoto aliyevunjika mkono inatembea haraka kuliko basi. Nilikuwa nikipita pale naona kibanda kiko wazi, amekaa kwenye kiti, anafuta spana ambazo hazijatumika. Kisha nikaanza kupita njia nyingine. Kisha nikaomba uhamisho, nikasema ni kwa ajili ya hospitali nzuri za mkono wako. Hilo nalo lilikuwa kweli. Unaona ninavyojua kusema ukweli unaofaa.

Ndivyo tulivyokuja Mwanza. Na hapa nifike kwenye jambo linaloniuma kulisema kuliko yote, kwa sababu ni jambo unalojivunia.

Tangu shule ya msingi umekuwa ukiwaambia wenzako, mama yangu anatengeneza breki mwenyewe, nyumbani, barazani, haendi kwa fundi. Mtaa mzima wa Kiseke unaniita Mama Fundi. Kina mama wa kanisani walinisimamisha mbele nieleze juu ya ujasiri, nikapigiwa vigelegele, na mchungaji akasema wanawake waige. Vero, sikujifunza breki kwa ujasiri. Nilijifunza kwa sababu sikuweza tena kukaa mbele ya fundi yeyote. Kila mmoja aliyechuchumaa kwenye gurudumu langu nilimwona Masalu, nikangoja ainue macho aniulize nimezipaka nini. Nikanunua spana, nikatafuta kitabu, nikajifungia uani.

Na nilijifunza vibaya kabla ya kujifunza vizuri. Mara ya kwanza kubadilisha mafuta ya breki niliyamimina kwenye bakuli langu la udongo la mboga. Mara ya pili niliyamwaga kwenye tangi la pikipiki na rangi ikabanduka kama ganda la kiazi, nikajua kumbe mafuta yale yanakula rangi. Mara ya tatu yalirukia viatu vya baba yako vya kanisani. Alivivaa hivyo hivyo Jumapili, kiatu kimoja cheusi, kingine cheusi chenye ramani, na hakunilaumu. Alikuwa anajivunia mke fundi. Aliniamini mpaka anazikwa. Hilo siwezi kulirekebisha tena.

Nimekwambia siandiki maelekezo, na siandiki. Unayajua yote. Unajua kwamba mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, kwa hiyo kifuniko hakiachwi wazi, hasa masika. Unajua kuosha diski kwa maji safi na sabuni na kukausha, na kwamba kuitumbukiza pikipiki ziwani kama wafanyavyo vijana ni kujitafutia balaa. Unajua pedi zilizolowa mafuta haziponi, zinatupwa. Hili la mwisho ulilijua ukiwa na miaka tisa, na uliwahi kuniuliza kwa nini nilikufundisha kwanza kabla ya mengine yote. Sasa umejua.

Nilichotaka kukuambia ni hiki kidogo. Breki ikilia, inakueleza kitu. Nilikuwa na kitu kinachosema nami, nikakiziba mdomo kwa sababu kilikuwa kinafanya nichekwe mbele za watu. Halafu nikamfanyia hivyo hivyo mtu. Sijui kama kuna funzo hapo. Wewe ndiye msomi, ukilipata uniambie.

Mwezi uliopita nilipokwenda Magu kuangalia chumba chako, nilimwona. Sikukuambia. Nilikuwa nasubiri gari la kurudi, na ng'ambo ya barabara kuna mzee anatengeneza baiskeli, nywele nyeupe zote, anafuta nati kwa kitambaa kabla ya kuirudisha. Sikuvuka. Yeye ndiye aliyeinuka, akavuka barabara, akaja.

"Mama Vero. Habari za siku nyingi."

"Nzuri, Fundi. Za hapa?"

"Tupo, Mungu anatusaidia. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mkubwa sasa. Amesomea mifugo."

"Ooh! Hongera mama, hongera sana." Alifurahi kweli kweli, nilimwona. Kisha akashusha sauti. "Na mkono?"

Miaka ishirini na mbili, Vero, na mtu huyo anauliza mkono. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote tangu siku nyingi. Nikasema, "Gari langu hilo linaondoka, Fundi, tutaonana." Gari halikuwa linaondoka. Nilikaa ndani yake karibu saa nzima, nimeinamisha kichwa, na yeye aliniona nimekaa, akarudi kwenye baiskeli yake asinitazame, ili nisione aibu zaidi.

Ndiye huyo fundi unayetaka kumuuliza kama analala usingizi.

Jana, tulipokuwa tunatoa upepo kwenye breki zako barazani, nusura niseme. Wewe umekaa kwenye siti, mimi nimechuchumaa na spana na ule mpira unaoingia kwenye chupa. Minya. Shikilia. Nafungua. Nafunga. Achia. Vipovu vinatoka kimoja kimoja. Nilikuwa natazama mkono wako kwa chini, vidole viwili vimeshika breki, viwili vimenyooka hewani kama vya bibi harusi ashikaye kikombe. Ndiyo maana nilihangaika kutafuta pikipiki hii na si nyingine. Breki yake inasaidia mkono, unaminya kidogo na mafuta yanafanya kazi iliyobaki, vidole viwili vinatosha. Ulidhani nimeipenda rangi.

Ukaniuliza, "Mama, hivi nani alikufundisha?"

Nikasema, "Nilijifunza mwenyewe." Ukanitazama kwa macho yale ya kunisifu, nami nikainama kutafuta nati ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Basi umejua. Ukinikasirikia una haki, na usiharakishe kunisamehe kwa sababu kesho ni siku ya safari na watu hupenda kuagana vizuri. Kasirika sawasawa. Nakupenda, na sikukupenda kidogo siku ile nilipodanganya. Nilikuwa nimekupakata nikidanganya. Mtu anaweza kufanya vyote viwili kwa pamoja, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Sikuombi uende kwa Masalu kuniombea msamaha. Deni la mdomo wangu ni la mdomo wangu. Nitakwenda mimi. Lakini ningependa uwepo, umwonyeshe mkono kama ulivyotaka, na aone kwamba ulipona, maana nadhani hilo ndilo alilokuwa akiliuliza siku zote.

Kwa hiyo kesho asubuhi, jua likichomoza, utanikuta getini nimevaa helmeti ya baba yako. Sijawahi kupakiwa na mtu tangu nijue kuendesha, unalijua hilo, nimekataa hata kwa baba yako. Kesho nitapanda nyuma yako, nikushike kiunoni, mpaka Magu. Kama hutaki, pita. Nakuambia kweli, pita tu, sitakuita. Nitapanda gari, nitafika kwa Masalu peke yangu, na safari hii nitavuka barabara mimi.

Jambo moja tu kabla hujawasha. Breki hizo nilizifunga mimi jana, nikakwambia ziko salama. Usichukue neno langu. Baba yako alilichukua, ofisi nzima ya kata ililichukua. Wewe isukume pikipiki mpaka uani, uiminye mwenyewe kwa vidole vyako viwili, uone kama inasimama.

Halafu njoo getini taratibu, uamue kama utaiminya tena.

Mama yako